Simu Imetutangaza

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Funga dirisha la jikoni, paka ameshazoea.

Najua umeondoka umenuna, kwa vile jirani alikupa pole mbele ya watu kwa kukoroma kwako. Haki ya nani, sikumwambia! Juzi niliiuliza simu tu, kwa siri, mume anayekoroma afanyweje. Jana pale kwenye cherehani mteja akawa anachagua mshono kwenye simu yangu, mara likachomoza tangazo: "Mumeo anakoroma? Dawa hii hapa!" Akalisoma kwa sauti. Jirani naye alikuwepo, anajaribu sketi.

Basi nimehama. Nimeweka kivinjari kingine cha kutafutia mambo mtandaoni, kisichofuatilia mtu kauliza nini. Simu yako iache mezani usiku, niihamishe pia. ~~Usipoiacha, utalala sebuleni.~~ Ukipenda lakini.

Nimekijaribu kwa swali lilelile. Kikajibu ulale kwa ubavu, kisha kikanyamaza. Hakuna tangazo mpaka sasa. Nami nitafanya vivyo hivyo: ukikoroma nitakugeuza, nisimwambie mtu.

Usininunie tena.

Mama watoto