Mkono Wako Haukuchelewa

Turffontein, mwezi wa saba, 2018

Kasongo,

Nina hasira. Naanza hapo kwa sababu nikianza na salamu nitakuwa nakudanganya tena, na nimekudanganya vya kutosha. Nina hasira na wewe, uliyekufa kabla sijafungua mdomo. Nina hasira na kapteni wetu, na mkuu wa kikosi, na mchungaji aliyesema kwenye mazishi yako kwamba umekwenda ukiwa mwepesi. Mwepesi! Ulikwenda na mzigo wangu mgongoni, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nimevaa suti, naitikia amina.

Moyo wangu umechoka. Daktari wa kliniki ameacha kuniambia nitapona. Sasa ananiuliza tu kama nina watu. Baridi ya mwaka huu ni kali, hita ya mafuta iko miguuni, na mwandiko wangu uliokuwa ukiusifu umekuwa kama wa mtoto. Soma hivyo hivyo.

Siku ile wewe uliijua kutoka nyuma ya ndege. Mimi niliijua kutoka mbele. Hatukuwahi kuziweka habari hizo mbili pamoja, na sasa nitaziweka.

Unakumbuka tulivyoishi. Ndege tatu za mizigo aina ya Antonov, zilizong'olewa viti, na kwa ajili ya hizo tulijiita kikosi cha mabomu. Mabomu yenyewe yalikuja na lori, yakalazwa kando ya uwanja wa mpira chini ya turubai, na baada ya wiki mbili hakuna aliyeyaogopa. Mpishi alianika mashati juu yake. Wewe ulikaa juu ya moja ukila maharagwe, ukisema, "Hili langu, msiligawe." Tulicheka! Asubuhi mnayapakia kwa mikono, watu sita kwa kila bomu, mnayapanga juu ya vyuma vya kuviringisha mizigo sakafuni. Kisha mnajifunga kamba kiunoni, nyinyi wasukumaji, ili mlango wa nyuma ukifunguka angani msiende pamoja na mzigo. Hatukuwa na chombo cha kulengea. Chombo kilikuwa mimi: napiga magoti kwenye kioo cha puani mwa ndege, nina saa ya mkononi, penseli na daftari. Tukipita alama fulani chini naanza kuhesabu sekunde. Hesabu ikitimia nabonyeza kengele. Nyinyi mnasukuma.

Kapteni yule wa kigeni, rubani wetu, aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu. Nilikuwa nimesoma hesabu miaka mitano ng'ambo, na kila nilipofungua daftari aliangua kicheko.

Siku ile tulitumwa kupiga kambi ya adui ng'ambo ya kona ya mto. Jana yake tulikuwa tumeipiga kambi hiyo hiyo tukiruka mita elfu moja na mia mbili, na hesabu yangu ilikuwa sekunde thelathini na moja toka kwenye kona. Lakini jana yake pia ndege ya wenzetu ilirudi na matundu ubavuni. Kwa hiyo siku ile kapteni hakutaka kuruka chini chini. Alipanda hadi elfu tatu. Mimi nilikiona kipima kimo. Nataka ulielewe hilo, Kasongo: nilikiona kwa macho yangu. Bomu likianguka toka juu zaidi linakaa hewani zaidi, na linaendelea kwenda mbele wakati linaanguka, kwa hiyo lazima liachiwe mapema zaidi. Hesabu mpya ilikuwa sekunde ishirini na mbili. Ilihitaji nusu dakika ya penseli. Sikuwa nayo; kona ya mto ilikuwa imeshafika. Ningeweza kusema, "Kapteni, tuzunguke tena." Kuzunguka tena maana yake ni kuwapa wenye bunduki nafasi ya pili. Niliogopa bunduki, na niliogopa kicheko chake. Nikahesabu thelathini na moja. Nikapiga kengele.

Nilichelewa mimi, kwa sekunde tisa. Ndege ile ilikwenda karibu kilomita moja katika sekunde hizo. Ng'ambo ya kambi kulikuwa na kijiji cha Mulonde, na siku ile ilikuwa siku ya soko.

Wewe uliona. Mimi puani naona yanayokuja tu, msukumaji ndiye anayeona yanayoachwa nyuma. Ulipiga kelele kwenye simu ya ndani, "Luteni, ile ni vitenge! Luteni, ni vitenge vya wamama!" Nilichukua kifutio. Kabla magurudumu hayajagusa uwanja wetu wa ndege nilikuwa nimeshafuta thelathini na moja daftarini na kuandika ishirini na mbili.

Halafu ule mkutano ofisini kwa mkuu wa kikosi. Daftari langu liko mezani, safi. Nikasema hesabu ilikuwa sawa, kengele ililia kwa wakati, lakini bomu la kwanza lilikwama kwenye vyuma na wasukumaji wakachelewa. Mkuu akakugeukia. "Sajini, lilikwama?" Ukaniangalia. Hukuangalia kama mtu anayetaka msaada. Uliniangalia kama mtu anayeuliza saa kwa mwenye saa. Ukasema, "Kama Luteni amesema lilikwama, basi lilikwama."

Kwa nini? Kwa nini ulisema hivyo, mjinga wewe? Sekunde tisa! Mtu aliyesimama mbele ya mlango ulio wazi angani, kengele inamlilia sikioni, hajui kama alisukuma au alingoja sekunde tisa? Ulijua. Mikono yako ilijua. Lakini mimi nilikuwa na shule na wewe ulikuwa na darasa la nne, na tangu utotoni ulifundishwa kwamba mwenye shule akisema kitu, wewe ndiye umekosea. Nami nilijua ulifundishwa hivyo. Ndiyo maana nilikuchagua wewe, si mwenzako aliyesimama pembeni yako, ambaye angebisha. Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Ukakaa miezi saba kwenye kontena la chuma, juani. Wakakuvua cheo. Walitaka kukupiga risasi, na mimi nikasema una bidii kazini, wakuache. Ukatoka humo umekonda, ukanishika mikono yote miwili ukasema aksanti.

Miaka ikapita. Mimi nikaja Johannesburg, nikafundisha hesabu kwenye shule ndogo ya watu wetu, nikadhani nimefika mbali. Siku moja niko kwenye spaza, duka dogo la mtaani, pale Rosettenville nanunua mkate, mlinzi wa mlangoni ananiangalia, anadondosha kirungu. "Luteni! Jamani njoni muone! Huyu njo aliniponyesha!" Ulikuwa wewe. Ukanikumbatia mbele ya watu, ukidai mimi ndiye niliyekuokoa. Ningeweza kusema pale pale. Nikakuuliza habari za nyumbani.

Na kila mwaka, kanisani kwetu, ukasimama kutoa ushuhuda. "Mimi ni mkono uliochelewa." Ndivyo ulivyoanza kila mara. Ukataja Mulonde kwa jina, ukaomba msamaha kwa yeyote aliyetoka kule. Mimi nikiwa mzee wa kanisa ndiye niliyekupa kipaza sauti. Nilikuwa nakutazama na moyoni nasema, kaa chini, kaa chini, kwa nini unapenda hivi kujipiga? Nilikuchukia kwa upole wako. Ungenilaumu hata mara moja ningejitetea, na katika kujitetea huenda ukweli ungetoka.

Sasa nikuambie ya huku, maana mengi yamebadilika tangu tukuzike.

Binti yako Neema amekuwa fundi hodari wa nywele, ana kiti chake saluni. Tangu uondoke ananiita baba. Kila siku kabla ya kazi analeta uji, anafungua pazia, ananigombeza: "Eish, Baba, umelala na soksi moja tena." Amempata kijana, Fideli, fundi wa umeme, mtulivu. Familia ya Fideli inakaa Troyeville. Ilipofika siku ya posa nikaenda mimi kama baba wa binti, nikakaa kwenye kiti ambacho kingekuwa chako.

Familia ile inatoka Mulonde.

Mimi sikujua hadi nilipoingia. Unajua desturi: kabla ya neno lolote la posa, wazee wanaulizana kama kuna jambo kati ya nyumba hizi mbili. Kwa kawaida watu wanajibu hakuna, wanacheka, soda zinafunguliwa. Lakini bibi yake Fideli, Kambo Agnès kama wajukuu wanavyomwita, hakucheka. Alikuwa amesikia habari za ushuhuda wako. Akaniuliza mimi, taratibu, "Baba, ni kweli marehemu ndiye aliyechelewesha mabomu ya Mulonde?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Kasongo, nilikubali! Umekufa, huwezi kufungwa tena, mimi mwenyewe nakufa, hakuna mkuu wa kikosi, hakuna mtu wa kunipiga risasi, na bado nikakuuza. Wakasimama, posa ikaishia hapo. Chakula kilibaki mezani kikiwa kimefunikwa. Neema alikuwa jikoni, alisikia yote.

Kesho yake akaja na uji kama kawaida. Macho yamevimba. Akaona kucha zangu za miguu zimekuwa ndefu, akapiga magoti akaanza kuzikata, na huku anakata anasema, "Siwalaumu wale. Baba yangu alifanya alichofanya." Nikashindwa. Nikamwambia kila kitu, kipima kimo, kifutio, kila kitu. Mkasi ukabaki hewani.

Hakulia. Alisema, "Alikuwa anaupiga mkono wake. Unajua? Akidhani tumetoka, alikuwa anauweka mkono wa kulia mezani anaupiga kwa kirungu chake cha ulinzi. Mama alikuwa anaukanda na maji ya moto. Na wewe ulikuwa unakuja Jumapili kula kwetu." Nikataka kumshika bega. "Usinishike, mzee. Vaa koti."

Sikuwa baba tena. Akanitia kwenye gari la rafiki yake hadi Troyeville. Njiani, kila robot, zile taa za barabarani, ikiwa nyekundu nilitamani iendelee kuwa nyekundu. Akanisimamisha katikati ya sebule yao akasema, "Huyu ana neno lake. Sitamsaidia hata neno moja."

Nikasema. Kambo Agnès alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza akauliza, "Sekunde tisa ni muda gani?" Sikuelewa. "Umesoma. Tuhesabie hapa, tusikie." Nikahesabu kwa sauti, mbele ya watu kumi na wawili. Nilipofika nne nilitaka kukaa. Nilipofika saba mtu mmoja alitoka nje. Nikafika tisa. Akasema, "Dada yangu alikuwa anauza sabuni sokoni siku ile. Muda huo ungemtosha kukimbilia kisimani akajificha." Nikapiga magoti, magoti yangu haya mabovu. Hakunisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa, Kasongo, angalia kiburi changu; njia nzima nilikuwa naandaa maneno ya shukrani. Alisema tu, "Binti hana neno na sisi. Karibu, mwanangu. Wewe, mzee, usirudi kwenye nyumba hii." Ikabidi vijana wawili waniinue.

Harusi ipo mwezi wa tisa. Sijaalikwa, na ni haki. Uji unaletwa na jirani sasa. Bakuli ni la Neema, nalijua, lakini yeye mwenyewe hapandi ngazi zangu. Sitamwita.

Jana nilimpelekea mchungaji barua ya kusomwa kanisani Jumapili, yenye jina langu kamili. Akaisoma mara mbili. "Mzee wangu, hapa tungeweka 'ajali ya vita', watu wataelewa." Nilimfokea hadi nikakosa pumzi. Ajali ilikuwa sekunde tisa. Yaliyofuata miaka yote hii hayakuwa ajali. Niliyafanya nikiwa na akili timamu, tumbo limeshiba, nikijua kutofautisha mema na mabaya. Nimemwambia asipoisoma kama ilivyo nitaisoma mwenyewe, hata kama itanichukua ibada nzima.

Ahadi yangu ni hiyo. Jumapili nitasimama pale uliposimama wewe, na sitakaa hadi kila mwenye swali amalize kuuliza. Waulize kwa ukali, ndivyo ninavyotaka. Yatakayokuja baadaye, hospitali au kaburi, yatanikuta nimeshasema.

Siombi unisamehe, nawe usithubutu kunisamehe haraka haraka kama ulivyozoea. Kasirika kwanza. Kasirika vizuri, ndugu yangu, kwa miaka yote ambayo hukukasirika.

Kwaheri, Kasongo. Kengele ilipolia, ulisukuma papo hapo.

Aliyeipiga,
Mwamba