Mke Wangu Ametandaza Wavu Haramu Juu ya Mboga

Dada mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua nyuma ya nyumba, mbele ya matuta ya mboga ya mke wangu, naomba uniokoe kabla ya Jumatatu maana kichwa changu kimegoma kabisa, nikitaka kucheka najiona mjinga na nikitaka kukasirika sioni wa kumkasirikia.

Mimi ni mvuvi, nina boti yangu ya injini na kaka yangu mkubwa ana yake, tunafunga boti zetu ubavu kwa ubavu na samaki wetu tunauza meza moja sokoni. Wavu unaoruhusiwa hapa kwetu ni wa macho mapana, ili samaki mchanga apenye aende zake akakue, na hilo kila mvuvi analijua, hata mimi nalijua, nisijifanye. Lakini msimu huu samaki wameadimika, na kaka akanijia na maneno yake, "Mdogo wangu, sisi tunarudi na maji tu ndani ya boti na wenzetu wanashusha makreti, unadhani samaki wanawafuata kwa sababu ya sura zao nzuri?" basi nikalainika, tukaenda kununua wavu wa macho madogo, madogo hata kidole changu cha mwisho kinakwama, tukaukata katikati, nusu yake, nusu yangu. Yeye nusu yake ameshaivulia. Mimi nakuapia nusu yangu haijawahi kugusa maji, kila nikiipakia naishusha tena, mwisho nikaisokomeza ndani ya gunia, gunia nikalificha stoo nyuma ya baiskeli mbovu, mke wangu akaniuliza kuna nini humo, na mimi bila kufikiri nikamjibu, "Takataka za kazini, achana nazo."

Hapo ndipo nilipojichongea. Juzi juzi nimetoka sokoni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaanza kuosha miguu, kuinua macho nikakuta wavu wangu mpya umetandazwa juu ya mboga kutoka tuta la kwanza mpaka la mwisho, umekazwa kwa vijiti, umepigwa mafundo safi kuliko yangu mimi ninayejiita mvuvi, na kuku wa jirani wamesimama pembeni wanatazama kama watu waliofungiwa duka. Nikapiga ukelele, "Mama watoto, umefanya nini?"

Akatoka jikoni anafuta mikono. "Si ulisema ni takataka? Nikaona bora zifanye kazi."

Ningesema nini, dada yangu? Kwamba si takataka, ni kosa la jinai? Nikasema, "Umefanya vizuri, pole na kazi." Akaniambia kipande kilichobaki amempa jirani azibie dirisha la banda la kuku, nikasema hapo napo umefanya vizuri, nikaingia ndani nikajilaza na miguu yangu yenye sabuni.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Afisa uvuvi wetu ni mama mmoja mchangamfu sana lakini jicho lake halikosi kitu, akapita kununua mboga kwa mke wangu, akauona ule wavu, akachomoa mkobani kile kipimo chake bapa cha kuingiza kwenye macho ya wavu, hakikuingia hata ncha. Akauliza, "Huu umetoka wapi?" Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kikombe cha chai, chai yote ikanimwagikia. Mke wangu akajibu kwa sauti ya upole kabisa, "Ameuleta mume wangu, amesema ni takataka, haufai kwa kazi." Yule mama akaja kunishika mkono, akanitikisa mpaka bega likauma, akasema laiti wavuvi wote wangekuwa na akili kama yangu.

Nikadhani yameishia pale. Kwenye mkutano wa wavuvi akasimama akanisimulia mimi mbele ya watu, jinsi nilivyoutoa wavu haramu majini nikalindia mboga, ukumbi mzima ukapiga makofi, mmoja akapendekeza, mwingine akaunga mkono, na kabla sijafumbua mdomo nimeshachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi wa nyavu. Aliyepiga makofi kuliko wote ni kaka yangu, huku uso umempauka kama unga.

Ukaguzi unaanza Jumatatu asubuhi, tunafuata boti zilivyofungwa, na boti ya kwanza kwenye mstari ni ya kaka. Tulipotoka mkutanoni akanishika kiwiko, "Mheshimiwa, utanipima au utanipita?" Nikacheka, yeye hakucheka. Nikimpita nitakuwa mwizi ninayelinda mwizi, nikimpima nitamtia aibu ndugu yangu kwa kosa ambalo nusu yake imefunika mboga zangu, nikijiuzulu wataniuliza kwa nini. Halafu mke wangu naye, tangu siku ile anamwagilia mboga huku anaimba, akiniona anaimba zaidi, na mimi sijui kama anajua au hajui, na naogopa kuuliza nisije nikamwambia asichokijua. Nifanye nini?

Ni mimi, Mwenyekiti Bila Kutaka.

MSHAURI ANAJIBU

Mwenyekiti, kwanza inuka hapo kwenye ndoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ni kazi yangu na mara ya pili kwa sababu ya wale kuku. Pole sana. Najua boti inavyorudi tupu na mafuta yameungua, najua mtu anavyolainika akiambiwa wenzake wanashusha makreti. Ila pole yangu inaishia hapo. Unasema wavu haujagusa maji, na unalisema kama mtu anayedai zawadi. Baba, uliununua, ukaukata, ukauficha, ukamdanganya mkeo, kisha ukapigiwa makofi na ukainamisha kichwa kwa adabu. Samaki wachanga hujawagusa, sawa, lakini watu wazima ukumbini umewavua wote.

Tena acha kuniuliza kama mkeo anajua. Mwanamke anayepiga mafundo safi kuliko ya mvuvi, hajui wavu mpya ukoje? Huyo anaimba kwa sababu anakusubiri. Nenda kamwambie leo, kwa mdomo wako, wala usianze na maneno "unajua mambo ya kazi ni magumu."

Ukimaliza, nenda kwa kaka yako. Usimtumie mtu, usimpigie simu, nenda nyumbani kwake. Mwambie hutampita, na hutamvizia pia. Mwambie muende wote wawili kwa afisa kabla ya Jumatatu na ile nusu yake, na wewe useme yako ilitoka dukani, haikutoka majini. Akikataa, nenda peke yako useme ya kwako, na Jumatatu mpime kama utakavyompima mwingine yeyote. Yeye ni mkubwa kwako, mpe heshima yake yote, lakini heshima haipanui macho ya wavu. Cheo mwachie afisa na wavuvi waamue. Wakikunyang'anya, utalala. Wakikuachia, utalala vizuri zaidi.

Wasomaji wangu, kwa vile Jumatatu haisubiri gazeti, jibu hili nilimsomea kwanza kwa simu. Nilipomaliza akasema, "Dada, umenipiga." Nikamwambia aende. Jumatano akanipigia, na ameniruhusu niwaambie yaliyotokea.

Alianza na mkewe, jikoni, mama anachambua mboga. Alipofika kwenye neno "takataka" mkewe akaweka kisu chini, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Takataka gani, baba, ilikuwa bado na karatasi ya dukani? Nilingoja useme. Nikaona husemi, nikasema basi acha mboga zifaidi. Na yule afisa, unadhani alipotea njia? Mimi ndiye niliyemwambia mboga zangu ni nzuri, aje achukue."

Kwa kaka mambo yalikuwa magumu. Aliitwa msaliti, akaambiwa cheo kidogo tu cha uenyekiti kimempanda kichwani. Alikaa pale pale kwenye ngazi za mlangoni mpaka kaka mtu akachoka kugomba, akaingia ndani, akatoka na gunia begani. Wakaenda wote wawili kwa afisa. Afisa aliwapokea bila tabasamu, akachukua gunia, akawaandikia onyo kila mmoja, akamwambia kaka kwamba akikamatwa mara ya pili haitakuwa onyo tena, itakuwa mahakamani. Akamgeukia mdogo: kwenye ukaguzi utasimama mbele ya wenzako useme mwenyewe wavu ule ulitoka wapi, wakikutaka bado, sawa.

Alisema. Yote, kutoka dukani mpaka kwenye mboga. Mzee mmoja akacheka, wakacheka wote, wakamwambia, "Shika kipimo, tuna kazi."

Boti ya kwanza. Kaka alikuwa ameshatandaza wavu wake wa zamani, ule wa macho mapana, ameushika mwenyewe kwa mikono miwili na kuuvuta ukakaza. Mwenyekiti wetu akaingiza kipimo jicho moja, jingine, jingine, akataka kuharakisha amalize aende boti ya pili.

"Taratibu," kaka akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia. "Hilo la pembeni umeliruka."

Akarudi, akalipima.