Gramu Ishirini kwa Lita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetukanwa kwa upole, na matusi ya upole ndiyo yanayouma. Nilimpeleka mke wangu kliniki akaangaliwe kidole cha mguu. Kidonda chenyewe kidogo, punje ya mahindi tu, lakini wiki ya tano hii hakifungi. Wamepima sukari – kumi na nne! Nesi akamuuliza anakunywa nini kazini. Bibie bila aibu: soda nne kwa siku. Ni msusi, anasimama tangu asubuhi, wateja ndio wanaomnunulia. Anasema asipopata soda macho yanajifumba huku kichwa cha mtu kiko mikononi mwake.

Nesi akanigeukia mimi. Eti nyumbani hakuna mtu wa kumpimia? Kumpimia! Mimi ni fundi mizani. Kuanzia bucha mpaka kwa sonara, hakuna duka mtaani kwetu ambalo mizani yake haijapita mkononi mwangu.

Daktari ametoa wiki mbili. Sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Alilisema hivi hivi, huku anaandika.

Jumanne, 4 Machi

Bibie alijaribu maji matupu. Kufika saa tano kichwa kinamgonga, kamsuka mteja mistari ya kwenda kombo, imebidi afumue. Kahawa hataki, inamchoma tumbo.

Shemeji ana dawa. Huyu ni mdogo wake Bibie, mpishi wa melini, anakaa kwetu mpaka meli yake irudi. Katoa begini mfuko wa majani – yerba mate. Huko Amerika Kusini yanakotoka watu wanayanywa mchana kutwa, yana kafeini kama kahawa. Melini walikuwa wanayageuza soda: chemsha majani, chuja, tia sukari na ndimu, poza, amira chembe, funga kwenye chupa za plastiki siku mbili. Gesi inakuja yenyewe.

Soda ya dukani ina gramu mia na ushee kwa lita. Mimi nimeweka ishirini. Si kijiko, si kukisia – nimeleta nyumbani ile mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Nesi aje aone!

Ijumaa, 7 Machi

Maji ya kuoshea vyombo! Chupa sita, hata povu hakuna.

Kosa nalijua. Nilikuwa na haraka, nikatia amira sufuria ikiwa bado ya moto. Imekufa papo hapo. Lakini walipouliza kulikoni, nikasema amira ya duka lile ni mbovu. Kwani kila kitu lazima kisemwe? Shemeji akacheka, akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mtu anakula kwangu, analala kwangu, ananitupia methali!

Nilimwaga zote kwenye sinki. Chakula sikukigusa. Bibie alisimama mlangoni kwa mguu mmoja, akasema pole Fundi, mbona ladha si mbaya. Baadaye nimepika upya, nikangoja mpaka sufuria ikashikika kwa kiganja. Gramu ishirini kwa lita, kama kawaida.

Jumapili, 9 Machi

Gesi! Kifuniko kimelia tsss mpaka Shemeji kapiga makofi. Bibie kanywa glasi mbili mfululizo. Ni tamu hasa, tamu kuliko nilivyotegemea, lakini mtu aliyeacha sukari wiki nzima ulimi wake hudekezwa na kidogo. Shemeji kanywa tatu. Yeye si mgonjwa, ila mdomo wake haujui kiasi.

Nimefurahi, nisiwe mwongo. Nilimchukulia nyingine Bibie, akapokea kwa mikono miwili, akanywa huku ananitazama mimi. Nimepika chupa nyingine nane za wiki.

Jumatano, 12 Machi

Kifuniko kimeruka saluni! Kimegonga kioo, soda ikamwagikia mteja aliyesukwa nusu kichwa. Bibie anasimulia anacheka. Mimi sicheki. Nimebonyeza chupa zilizobaki: ngumu kama jiwe, zote. Gramu ishirini haziwezi kuvimbisha chupa namna ile.

Kwanza niliishuku mizani. Nimeikagua kwa mawe ya kupimia ya kazini, moja moja. Haina kosa hata la unywele. Ndipo nikapima kopo la sukari. Zimepungua gramu mia tatu na arobaini ambazo mimi sikuzichota.

Humu ndani tuko watatu. Mimi siye. Bibie ndiye mwenye kidonda, hawezi kujichimbia kaburi. Amebaki nani? Kikulacho ki nguoni mwako!

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia. Bibie alikuwa kazini, nikaona afadhali, nisimwaibishe mtu mbele ya dada yake. Nilimwambia kwamba anamkata dada yake kidole kwa kijiko, kwa sababu ya ulafi wa mdomo wake.

Nilidhani atabisha. Aliweka glasi mezani taratibu.

“Shemeji, sukari yako sijaigusa. Ila mtu akishaitwa mwizi kwa dada yake, hapo hapakaliki tena.”

Kafunga begi. Majani ameyaacha juu ya meza, mfuko mzima. Huko ni kunionyesha kwamba yeye ni muungwana kuliko mimi! Bibie aliporudi akauliza mdogo wake yuko wapi. Nikamweleza. Alikaa kwenye stuli, viatu hajavua, mpaka chakula kikapoa. Nikajua anamlilia ndugu yake.

Jumamosi, 15 Machi

Duka la dawa wametupimia. Kumi na tano. Imepanda!

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa naosha chupa aliposema, “Fundi, ni mimi.”

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaeleza. Kila nikishatoka kwenda kazini anafungua chupa, anatia vijiko viwili, anafunga. Si kwa utamu – anasema inamkifu mpaka inamtia kichefuchefu. Ni kwa ajili ya gesi. Siku ile nilipomwaga zile sita, alisema, nilikaa kama mtu aliyefiwa. Na yeye tangu utoto anajua maandazi hayaumuki amira ikikosa sukari. Akaona aongeze kidogo. Gesi ikaja, nikafurahi, akashindwa kuacha. Na kunywa alikunywa yote, maana nimemtengenezea kwa mikono yangu.

Hasira niliyoipata leo sijawahi kuipata. Mtu anakunywa sumu kwa heshima! Nilimfokea kwa nini hakuniuliza.

“Ungeniambia nini?” akasema. “Si uliniambia amira ni mbovu?”

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli, kwamba amira niliiua mimi. Wazi kabisa, kama mlango wa ghala. Mimi nikamwambia sukari hupimwa, haikisiwi. Mjinga mkubwa mimi.

Simu ya Shemeji inaita, hapokei. Nimepiga mara tisa.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Naandika kwenye benchi la koridoni, daftari juu ya goti. Bibie yuko ndani. Mlango haujafungwa sawasawa, kila kitu nakisikia.

Kumi na tano bado. Nesi – yule yule – kasikia sasa anakunywa soda ya nyumbani, kauliza anaitengeneza nani na inatiwa sukari kiasi gani. Nilikuwa nimeshainuka. Bibie kanitangulia.

“Mume wangu anapima mpaka chembe, hakosei. Ni mimi mlafi. Nanunua biskuti na soda kwa jirani, nakula kwa kujificha.”

Uongo! Biskuti zipi? Mwanamke huyu hajanunua biskuti tangu watoto wahame! Nesi kasonya, kasema kuna wagonjwa hawasikii mpaka wakatwe. Anamsema nani? Anamsema Bibie! Na Bibie kanyamaza, kama kweli ni mlafi, kama si yeye aliyemeza soda ya kichefuchefu siku saba ili fundi mzima asinune.

Daktari sasa. Sauti ya chini. Anasema kama sukari ingekuwa inatoka mahali panapojulikana, pakafungwa, angengoja wiki moja nyingine. Lakini mgonjwa akiwa hajizuii, kungoja ni kuupoteza mguu mzima. Afadhali kidole, leo.

Inatoka mahali panapojulikana! Panajulikana, daktari! Pamefungwa tangu Jumamosi!

Nesi katoa kichwa mlangoni. Ana karatasi ya kuruhusu kidole kikatwe, inataka sahihi ya mume. Nimemwambia nakuja. Kaniita mara ya pili, kwa jina la ukoo sasa, kwa sauti, koridoni kote wamegeuka. Nyuma ya bega lake namwona Bibie kitandani, mguu umewekwa juu ya kitambaa cha kijani. Ananitazama mimi, si mguu. Anatikisa kichwa, kidogo tu. Nisiseme.