Nembo Aliyotuchorea Tusekile

Shinyanga

Mdogo wangu Gwamaka,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako Kinyala. Mgongo wako umepoa? Huko najua mvua inanyesha. Huku ni jua na vumbi. Mwanangu na mkewe hutoka asubuhi kwenda kazini, nami hubaki na redio mpaka jioni. Ni muda mrefu sijamsikia mtu akisema Kinyakyusa, ila wewe kwenye simu. Daktari ameacha kunibadilishia dawa. Nimeelewa maana yake.

Juzi uliponipigia ulicheka ukasema, "Kaka, yule Tusekile wa Suma anaringa. Tunataka atuchoree nembo ya maboksi ya maparachichi, yeye anadai nusu ya malipo kabla hajagusa kompyuta." Ukasema kikundi chenu kitawaita wachoraji wote wachore, na mtakayempenda ndiye mtakayemlipa. Nikakata simu, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika.

Tusekile hakuanza hivyo. Nilipokuwa mwenyekiti wa kikundi cha ndizi, ndiye aliyetuchorea ule mkungu wenye mlima nyuma yake. Tukamwambia abadili rangi, akabadili. Tukataka mlima uwe mkubwa, akaukuza. Bei hatukuwa tumepatana. Siku ya kukabidhi nikachinja kuku, akala nasi, nikamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu," kama tunavyowashukuru majirani waliokuja kutusaidia kulima. Akanawa mikono, akauliza taratibu, "Baba, na malipo?" Nikamjibu mbele ya wote, "Kwani hukushiba?" Watu wakacheka. Mimi niliyesoma kuliko wote pale nilijua kuchora ndiyo kazi yake, na ndiko inakotoka kodi yake ya chumba. Nilijua, na nikacheka nao.

Kwa hiyo msiwachoreshe watu bure. Tazameni kazi walizokwisha kufanya, mchague mmoja. Pataneni naye bei, na ni mara ngapi mtamrudishia mchoro aurekebishe; mkizidisha, mwongezeni. Mpeni nusu aanze na nusu akimaliza, ndipo nembo iwe yenu. Mkighairi katikati, ile nusu ya kwanza ni yake.

Haki yake, fedha za nembo ile ya ndizi, nimemtumia kwa simu. Hajajibu, na sitamsumbua.

Ninachokuomba ni uisome barua hii kwenye mkutano wa kikundi ningali hai. Nikishakufa watasema marehemu alikuwa mtu mwema, hakuna atakayetaka kusikia zaidi, na Tusekile ataendelea kuitwa mwenye maringo kwa kosa langu mimi.

Nisalimie shemeji, mama Lusajo; dada yetu Tumpe aliyeolewa Kisiba; na mchungaji anayeniombea. Atakayetaka kunilaumu mpe namba yangu, anipigie. Mchana kutwa niko peke yangu.

Kaka yako,
Asajile