Ulizikwa Bila Kutaniwa

Mtani Kondo,

Nimerudi kutoka pwani yako. Naiita yako kwa sababu ni wewe uliyeichagua, ukaizungushia kalamu nyekundu kwenye ramani, ukanilazimisha niombe likizo wiki moja na wewe. Agosti, ulisema, twende wawili tu siku nne, ukanionyeshe bahari kubwa kuliko zote kabla sijafa na ushamba wangu. Basi Agosti imefika, nimekwenda peke yangu. Ripoti utaipata, lakini kwanza kuna jambo linanikaa kooni tangu Februari.

Siku tuliyokuzika sikukutania. Unajua, ulikuwepo.

Mimi Mnyamwezi wa Tabora, wewe Mzaramo wa Kisarawe. Utani huu tuliukuta, hatukuuanza sisi. Ungefia nyumbani, ningekuwa mtu wa kwanza kufika na wa kwanza kuleta fujo. Ningechimba kaburi huku nalalamika kwamba marehemu kafa mnene makusudi ili kutuchosha. Ningejilaza mlangoni jeneza lisipite mpaka ndugu zako wanitoe kwa chochote, hata kuku. Ningevaa kofia yako nikaigiza unavyotembea, na mjane wako angecheka katikati ya kilio, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Wengine wanakuja kulia, yeye anakuja kuwapumzisha.

Huku ugenini Minneapolis ulianguka Jumatano asubuhi kwenye pakingi ya kazini kwako Plymouth, theluji imefika magotini, na kesho yake baada ya adhuhuri tukakuzika. Ardhi ilikuwa imeganda. Kaburi lako lilichimbwa na mashine. Waliokuswalia wengi walikuwa Wasomali na Wapakistani, watu wema kabisa, hata jina lako walikuwa hawalijui lakini walikuja wakasimama kwenye baridi ile. Mimi nilikaa nyuma na koti langu la kanisani. Mkeo, shemeji Tatu, alikuwa karibu na gari, amemshika mkono mwanenu Zuhura. Akaniangalia. Akaniangalia kwa muda, kama mtu anayesubiri, nami nilijua anasubiri nini. Nikainamisha macho nikaangalia viatu vyangu.

Niliona haya, Kondo. Nilijiuliza nitawaelezaje watu wale. Watasema nimelewa, mbele ya maiti, au wataita polisi. Nikanyamaza, na wewe ukaenda kimya kimya, mtu uliyekuwa unaongea garini mwangu kutoka Saint Louis Park mpaka Plymouth kila asubuhi, miaka sita, bila kumeza mate.

Wiki tatu baadaye nilimpelekea shemeji mchele na sukari. Akanipa chai, akakaa, akasema kwa upole tu, “Mtani, umemwacha kaenda kama mtu asiye na wenyewe.”

Tangu siku ile nikawa napiga simu badala ya kwenda.

Sasa safari. Nilishuka na ndege Portland, magharibi kabisa, nikakodi gari dogo, nikafuata karatasi za maelekezo nilizochapisha kazini. Saa nzima ni misitu na milima, miti mirefu mpaka barabara ina giza mchana. Halafu msitu ukafunguka. Nilikuwa natazamia bahari, nikaona ng’ombe. Sikutanii, au tuseme nakutania lakini ni kweli. Ng’ombe weupe wenye mabaka meusi, mamia kwa mamia, wamejilaza kwenye majani mpaka karibu na maji, na harufu ya samadi imejaa garini. Mji unaitwa Tillamook, unaishi kwa maziwa na jibini. Miaka yote hiyo unaniita mchunga ng’ombe wa bara, halafu pwani unayonichagulia ni Unyamwezi mtupu! Nilicheka kwa sauti, nikageuka upande wa abiria kukuambia. Kwenye kiti palikuwa na chupa ya maji na zile karatasi. Ikabidi niegeshe kando kidogo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote nne. Kila nilipopata tusi zuri, mtu wa kumtukana sina. Kando ya barabara, kwa mfano, kuna vibao vinavyowaelekeza wenyeji kwamba ardhi ikitetemeka wakimbie kwenda juu, mbali na bahari. Fikiria mwenyewe: watu wa pwani wameandikiwa vibao, yakiwafika ya kuwafika wakimbilie bara. Ningekusumbua na hilo mwaka mzima.

Ile nyumba ya wageni ya Garibaldi uliyotuwekea nafasi Januari bado ilikuwa na jina lako. Garibaldi ni mji wa gati moja na harufu ya kaa, mvua inanyesha kama haina kwingine pa kwenda. Mama mwenye nyumba alivaa miwani yenye kamba, akapitisha kidole kwenye daftari lake, akaniuliza, “Mista Kondo?”

Nilikusudia kumweleza. Nikasema ndiyo, ndiye mimi.

Basi siku tatu nimeitwa Mzaramo. Umelala kwako makaburini na bado umeniweza. Mista Kondo umelalaje, Mista Kondo nikuongeze kahawa, Mista Kondo leo kuna jua kidogo Manzanita, nenda kaone. Chumba kilikuwa cha vitanda viwili, mto mmoja umewekwa hapa mmoja kule, na kile cha pili nikakitupia begi ili kisikae kitupu. Nikwambie na jingine ambalo sijamwambia mtu? Kuanzia siku ya pili nilikuwa nashuka mapema kabla kahawa haijawa tayari. Nilitaka kusikia jina lako likitajwa na mtu asiyejua kwamba umekufa.

Bahari yenyewe ni kubwa, nakubali. Lakini baridi yake hujaiona. Agosti, watu ufukweni wamevaa makoti na soksi, na ukungu umeshuka mpaka huoni wimbi linatokea wapi. Ulijigamba utaogelea mimi nikikutazama. Ungeingiza kidole gumba ukatoka mbio unamwita mama yako. Nilichota maji kwa kiganja nikaonja, maana nilijua hilo ndilo ungelitaka kuona. Chumvi ipo.

Siku ya tatu nilikwenda Rockaway, mji mdogo ulio kaskazini kidogo, ufuko umenyooka mpaka macho yanachoka. Sikuona mtu karibu. Nikasema hapa ndipo, nitimize wajibu wangu na hakuna atakayeniona. Nikajilaza chali kwenye mchanga uliolowa kama nilivyopaswa kujilaza mlangoni kwenu siku ya msiba, nikaanza. Nikakuita mwongo, nikakuita mpenda ngoma, nikakuambia kwamba unene wako umetuchosha. Sauti ikatoka mara tatu nne, halafu ikaniishia. Tusi lisilorudishwa linauma vibaya, sikujua. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatembeza mbwa akanisogelea, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia napumzika tu. Nikainuka, mgongo wote maji na mchanga, nikaenda kukaa garini.

Humo garini ndimo nilipoelewa ujinga wangu. Nilidhani deni hili ni lako. Wewe maiti, kicheko cha nini tena kwako? Aliyekihitaji alisimama hatua kumi kutoka kwangu mwezi wa pili, akaniangalia, nikamnyima. Na mimi nimepanda ndege kwenda kumtafuta upande ambao hayuko.

Nilitua Minneapolis Jumapili mchana. Sikwenda kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye apatimenti yenu, nikagonga, hawakuwepo. Nikatandika koti kwenye korido nikalala mlangoni, kichwa upande huu, miguu upande ule, begi juu ya tumbo. Kama angechukia, nisingekuwa na pa kuiweka sura yangu tena.

Wakaja wametoka dukani, mikono imejaa mifuko. Zuhura akasimama, akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama apige simu ya dharura.

Shemeji alinitazama vilevile kama siku ile. Safari hii sikuangalia viatu.

“Sitoki hapa,” nikasema. “Mumeo ni mwongo. Amenipeleka pwani ya ng’ombe.”

Akamwambia mtoto, “Mwache. Huyu ni mtani wa baba yako. Amechelewa tu.”

Basi nikamwaga yote palepale sakafuni. Ng’ombe, vibao, baridi, Mista Kondo. Nikainuka nikaigiza ulivyokuwa unatembea kwenye barafu, mikono umeitanua, umekunja uso kama barafu imekutukana. Shemeji akaanza kutikisika mabega. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaketi chini na galoni la maziwa amelikumbatia, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kile kilikuwa kirefu. Sikuacha. Mtani haachi kwa sababu watu wanalia. Jirani akafungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu.

Alipofuta uso akaingia ndani akatoka na kile kifaa chako cha kukwangulia barafu kwenye kioo cha gari. Agosti hii. Akanirushia.

“Chukua, utoke mlangoni kwangu, Mnyamwezi mchafu wewe.”

Kondo, miezi sita nilikuwa sijatukanwa na mtu. Nilipofika ndani ya gari langu nililia mpaka nikashindwa kuwasha.

Sitakudanganya kwamba upweke umeisha. Bado naendesha peke yangu asubuhi, redio nimeizima, na nikipita njia ya kuingilia kwako bado mguu unagusa breki wenyewe. Watu hapa wananiheshimu sana, ndiyo shida yao. Lakini Zuhura sasa anajua kwamba nina haki ya kumtania na yeye ana haki ya kunirudishia. Juzi kanirudishia kwa Kiingereza, tusi dhaifu mno, nikaona aibu kwa niaba yako. Nitamfundisha, kwa Kiswahili, mpaka aniweze. Na Februari nakuja makaburini, mwaka ujao na kila mwaka nitakaokuwa hai, theluji iwe kiunoni, watu waseme nimechanganyikiwa. Nitaleta fujo yangu mchana kweupe, na shemeji atakuwepo.

Kwaheri, mtani. Wengine wanakuombea Mungu akulaze pema. Mimi kwa kulala sina wasiwasi na wewe. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kukuona ukiifanya kwa moyo wote.

Mtani wako,
Maganga