Kizibo cha Boti ya Baba

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha kufulia,
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Kaka mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, hajambo wifi, na wale watoto wenu ambao sauti zao nazijua kuliko sura? Natumaini kifua chako kimepona na umeacha ubishi wa kutovaa sweta. Sisi ni wazima, ukiondoa magoti ya Mama na mgongo wangu. Baba mwili wake hauna neno, ila habari yake ndiyo iliyonikalisha chini kuandika, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Kazini ni yale yale. Mashuka ya mahoteli hayaishi, na siku nzima nimesimama mbele ya ile pasi kubwa inayotoa mvuke usoni. Nikirudi hapa sitaki hata kuulizwa hali. Jumamosi ingekuwa ya kulala, lakini Jumamosi, kama unavyojua, ni ya boti. Basi najikaza kisabuni, natoka.

Ule mteremko wa kushushia boti ungeuona leo usingeujua. Tangu bandari ipanuliwe, sisi raia tumeachiwa kipande cha zege kati ya ukuta wa makontena na kituo cha feri. Foleni ya pikapu na trela inafika barabara kuu. Kila kitu unatakiwa ukiandae huku juu, kamba, mafuta, kizibo, ili ukifika majini uachie boti uondoke. Mlinzi wa pale tunamwita Filimbi, kwa sababu haongei na mtu. Akipuliza mara moja, shuka. Akipuliza tena, unachelewesha wenzako. Feri ikipita, mawimbi yake yanapanda mteremko mpaka kwenye mlango wa gari.

Dereva ni mimi. Baba anasimama kwenye maji ya magoti na kuniongoza kwa ishara za bandarini, utadhani bado yuko kazini kwenye kreni yake: kiganja chini, shusha, ngumi, simama. Shingo yangu imekakamaa kwa kupiga rivasi. Boti ikielea anapanda, anawasha injini, anakwenda zake peke yake kati ya meli. Nabaki kwenye pikapu roho mkononi, mpaka arudi na visamaki ambavyo paka wa jirani anavinusa tu na kuviacha.

Sasa sikiliza, na usinikatize. Baba anasahau. Sisemi kusahau miwani. Anamwita Mama kwa jina la marehemu bibi. Anasimama kwenye ngazi asijue alikuwa anapanda au anashuka. Nilikueleza, nikakuomba umwambie asiende tena peke yake, kwa kuwa kwake mimi ni mtoto na wewe ndiye mkubwa. Ukaniambia, "Mwache mzee afurahi." Hata hivyo uliahidi kuzungumza naye. Ulipomaliza simu alikuja jikoni akitabasamu, akanitangazia kwamba mkubwa ameruhusu. Nilichoka siku ile, kaka. Hata nguvu za kukasirika sikuwa nazo.

Kizibo unakikumbuka, kile cha shaba cha tundu la nyuma ya boti. Tukirudi tunakichomoa ili maji ya ndani yatoke, na Baba anakining'iniza kwenye ufunguo wa pikapu. Utaratibu wake unaujua: kizibo kwanza kiende mahali pake, ndipo dereva anakabidhiwa ufunguo ashuke. Na unakumbuka alivyokuwa akiwacheka waliosahau chao. Alikuwa akifika mapema na kiti cha kukunja na chupa ya chai, awangoje. Hata sisi tukisahau madaftari ya shule alituuliza kizibo kiko wapi.

Jana ufunguo ulinifikia bila kizibo, kwa hiyo nilijua kimefungwa. Bado nikamuuliza, "Baba, umefunga?"

"Nimeanza kufunga kabla hujazaliwa," akanijibu.

Nikashusha trela, ngumi ikapanda, nikasimama. Boti ikaelea, akapanda, nikapandisha trela niliegeshe. Kabla sijazima gari nikasikia watu wanacheka. Nilipogeuka, mkia wa boti ulikuwa umezama na maji yanaingia juu ya tangi la mafuta. Baba alikuwa katikati ya yale maji, anainua viti, anapapasa chini ya kamba, anatafuta. Kizibo kilikuwa mkononi mwake, mkono wa kushoto.

Filimbi aliitupa filimbi yake akaingia majini. Na yule bwana wa boti nyeupe, ambaye kila Jumamosi anatupigia honi na mimi kila Jumamosi namwombea pancha, alishuka na viatu vyake vizuri akashika kamba. Wakaizuia boti mpaka niliporudi na trela. Vicheko vilikuwa vimekwisha. Nikamwambia polepole, "Kiko mkononi, Baba." Akaufungua mkono, akautazama kama wa mtu mwingine.

Nililia ndani ya pikapu, sioni sababu ya kukuficha. Nilikuwa nawaza kama angalisahau kitu kingine, kule nje, meli inakuja, na hakuna wa kumwambia kiko wapi.

Leo baada ya chakula amekuja akakiweka kizibo kando ya kikombe changu. "Mtumie mkubwa," amesema. "Akija nacho, tutashusha." Mama alianza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Mimi nilikuwa na maneno yangu ya kumzuia, nimeyapanga muda mrefu, na sikutumia hata moja. Nilidhani siku hii ikifika nitapumua, kumbe nimekwenda kutafuta bahasha.

Basi kimo humu ndani ya bahasha, nimekifunga kwa soksi yako ya zamani. Madukani vinauzwa, najua, na yeye anajua. Tafadhali usimpigie simu kumtia moyo, na usikirudishe kwa posta. Njoo nacho. Yeye akae mbele, wewe ushike injini, mimi nipige rivasi.

Mama anakusalimu na anauliza kama mnakula vizuri. Shangazi mshonaji anasema vipimo vya watoto ulivyomtumia ni vya mwaka juzi. Hata Filimbi ameniuliza habari zako, kwa mdomo wake. Mungu awafunike wote, awape kazi isiyovunja mgongo na usingizi wa kutosha.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa nimekununia.

Nimesahau kukuambia: Baba amesimama mlangoni tangu nilipoanza ukurasa huu wa mwisho. Ameniuliza kama kizibo nimekifunga. Nimemwambia nimefunga. Amesema nikitazame tena, kwa sababu hata yeye jana alisema hivyo hivyo.