Sori Kwenye Tundu la Ufunguo

Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto
(ndani, nje sijafika tangu mwezi uliopita)
Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Sungura,

Salamu zitangulie, habari zifuate nyuma zikichechemea kama wewe. Hujambo? Shemeji hajambo? Kifua chake kimepoa? Na hicho kifundo chako cha mguu, kinakuachia usingizi siku za baridi? Mimi ni mzima. Meno yamebaki saba, na hayakutani hata kwa bahati mbaya. Kusikia nasikia, kuona naona. Kutoka ndiyo sitoki.

Usicheke. Nimefungiwa ndani. Mimi, fundi vitasa wa miaka arobaini na mitatu, nimefungiwa na mwanangu wa kumzaa, kwa kitasa nilichomtengenezea kwa mikono yangu siku alipohamia hapa.

Kosa ni langu, afadhali ulisikie kwangu. Mwezi uliopita niliteleka birika la chai, nikakumbuka betri za redio, nikashuka dukani. Huko nikakuta mabishano ya mpira, nawe wanijua. Kurudi, birika jeusi kama buti la askari, ngazi zote moshi, na nesi anayekaa mlango wa kulia kasimama na ndoo ya maji. Hakikuungua kitu ila birika na heshima yangu.

Tangu siku hiyo, mwanangu na mkewe wakienda kazini saa moja asubuhi, funguo zote mbili zinakwenda nao. Mimi nabaki mpaka saa kumi na moja jioni. Nausikia ulimi wa kitasa ukiingia kwenye fremu, krak, krak, kisha mwanangu anainama kwenye tundu la ufunguo: "Sori, baba. Ni kwa usalama wako." Halafu viatu vinashuka ngazi.

Hiyo sori ndiyo iliyonishikisha kalamu. Kiingereza changu, unakumbuka, kiliishia darasa la nne, mimi na mwalimu tulipochokana. Lakini aliyefungiwa hukosa kazi akawa msomi. Mwezi mzima nimekaa dirishani nalo neno hili moja.

Watu wawili wakigongana mabega huko chini: sori, sori, na hakuna anayegeuka. Mlinzi wa geti akimzuia mgeni: sori, yaani rudi ulikotoka. Nesi nikimsemesha kupitia mlangoni: "Sori?" Hapo hajasikia, nirudie. Mkwe wangu akipiga deki: sori baba, maana yake inua miguu. Ghorofa ya pili walipofiwa, watu walipanda ngazi na sori zao, hata wale wasiojua nani kafa. Na yule daktari wa meno mwaka jana! Aliniambia sori akiwa na koleo mkononi, akang'oa jino lisilouma, akaniambia sori tena. Ya kwanza nadhani ilikuwa pole. Ya pili ilikuwa samahani. Jino bovu ninalo mpaka leo, nalo halikuambiwa kitu.

Sisi tuna pole, tuna samahani, tuna nipishe, tuna nisamehe, kila moja na tundu lake. Hili la wenzetu ni kama ule ufunguo ambao mafundi tunauita malaya (shemeji, wewe unayemsomea barua hii, funika macho): unaingia kila mlango. Nakwambia kwa uzoefu wa kazi, kitasa kilichozoea ufunguo wa namna hiyo hulegea.

Nilimwomba mwanangu anichongee ufunguo wa tatu. Wiki ya kwanza: "Sori, Mzee, nimesahau." Wiki ya pili: "Sori, fundi sikumkuta." Fundi hakumkuta! Nilikuwa nimeketi mbele yake namenya yai.

Juzi nesi akagonga. "Mzee, kwani umefungiwa?"

"La, nimehifadhiwa. Kama mboga."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Si wewe ulikuwa fundi wa haya mambo? Kifungue."

Hapo akatia kidole penye kidonda. Kitasa hiki nilikifanya kisifunguke ila kwa ufunguo, nje na ndani, ili mwizi akiingilia dirishani asitoke mlangoni na televisheni. Nikaapa mbele ya wageni, bilauri mkononi, kwamba hajazaliwa fundi wa kukifungua kwa waya. Sasa nikikifungua, mimi ni mwongo. Nikishindwa, mimi ni mfungwa. Ungechagua lipi, Sungura? Najua. Wewe ulichagua dirisha.

Nimekuwaza sana humu ndani. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umepata kazi ya mbali, na lori linaondoka asubuhi. Mimi kaka mtu nikaona dunia itakumeza, nikakufungia karakanani, kwa usalama wako. Ukaruka dirishani, ukavunjika kifundo, ukapanda lori hivyo hivyo ukiwa umeuma meno. Nikakubandika jina la Sungura. Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Mwezi uliofuata nikakuandikia mstari mmoja: Sori, mdogo wangu. Neno lilikuwa jipya mdomoni mwangu, nikadhani nimekupelekea kitu kizito.

Naacha hapa. Viatu vinapanda.

Alhamisi, tarehe 12

Naendelea, na kalamu imebadilika kwa sababu ile niliichokolea kitasa ikavunjika.

Jumanne walipoondoka, nilichomoa waya mmoja wa mwavuli wa mkwe wangu (mvua ikinyesha tutajua), nikaupinda ncha, nikaketi mbele ya mlango. Siku nzima nikaambulia patupu. Mgongo ukakataa, vidole vikakataa, kitasa nacho kikaninunia kama mke aliyesingiziwa. Nilikuwa nakitukana huku najisifu, maana kweli nilikitengeneza vizuri.

Jana saa nane mchana, ulimi ukarudi. Krak, krak. Nikafungua. Hewa ya ngazini ikanipiga usoni, ina harufu ya sabuni na vitunguu vya watu, nami nikalia kidogo. Nusu kwa furaha, nusu kwa kuaibika kuwa kitasa changu kimefunguliwa na kizee.

Sasa niende wapi? Kukifunga tena kwa nje nisingeweza, na unalijua sharti la kazi yetu: ukiufungua mlango wa mtu, unakaa mlangoni mpaka mwenyewe afike. Miaka arobaini na mitatu sijalivunja. Nikavuta kiti, nikakaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nikailinda televisheni nisiyoipenda kwa saa tatu nzima. Nimefungua mlango, Sungura, na bado sikutoka.

Mwanangu akapanda. Alipofika ngazi ya mwisho akaniona. "Sori, ba—"

Nikainua fimbo. "Hilo lilikuwa la tundu la ufunguo. Mlango uko wazi, sema nami kama mtu aliye mlangoni."

Akakaa kwenye ngazi, begi mapajani, kama alivyokuwa akikaa akirudi shule. Halafu akasema, "Nisamehe, baba. Siku ile ya moshi nilipigiwa simu kazini. Njia nzima nilikuwa nakuzika."

Nilikuwa nimejiandalia ukali wa mwezi mzima, nikautafuta, nikakuta uliokaa mbele yangu ni woga, tena naufahamu. Niliwahi kuwa nao mimi, nje ya mlango wa karakana.

Leo nimechonga funguo mbili zaidi kwa tupa yangu ya zamani. Meno yake yamekaa sawa, kinyume cha yale ya mdomoni. Mmoja ninao shingoni kwa kamba ya kiatu. Tumepatana: sigusi jiko kama nina safari ya kushuka, na nikishuka namgongea nesi aniandike kama mwanafunzi mtoro.

Wa pili umo ndani ya bahasha hii, nimeuzungushia kitambaa. Ndugu yangu, nisamehe. Niliogopa, nikakufungia, nikauita woga wangu usalama wako, kisha nikakucheka mguu. Ile sori yangu ichane. Nimechelewa miaka hamsini na miwili, na njia yote hiyo umeitembea ukichechemea.

Msalimie shemeji, umwambie afunue macho sasa. Msalimie binti yako mshonaji na mumewe mkimya. Mwanangu anamsalimu baba yake mdogo. Mkwe wangu angekusalimu, ila anatafuta mwavuli. Mungu akupe mguu wa kunifikia, mimi anipe pumzi ya kukungoja.

Ukija usigonge. Sukuma ufunguo mpaka mwisho, urudishe kidogo, ndipo uzungushe.

Wako akupendaye, aliye upande wa pili wa mlango,
Kaka yako